Risasi za Mpira na Vitoa Machozi: Sheria Inamruhusu Karao Afanye Nini?

Wasee wengi hudhani risasi ya mpira ni ya kutisha tu. Zii. Ikifyatuliwa karibu, ama ikupate kichwani, inaweza kukutoa jicho au kukuua. Ndio maana mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2020 unataka askari awe amefunzwa kuitumia, na alenge miguu au tumbo la chini la mtu anayefanya vurugu. Si kuimiminia umati. Rungu nalo ni la mikono na miguu, si la kichwa.

Mkebe wa vitoa machozi haufai kulengwa mwili wa mtu, wala kutupwa mahali pamefungwa. By the way, hiyo si hewa haswa, ni unga laini unaonata kwa nguo. Ukifika keja, zivue.

Hapa Kenya, Jedwali la Sita la sheria ya polisi ya 2011 linasema karao aanze na njia zisizo za nguvu. Akitumia nguvu, ilingane na lengo, uzito wa kosa na vile mtu anapinga. Akiumiza mtu, amtafutie matibabu mara moja. Mtu akifa ama akiumia vibaya, IPOA lazima ijulishwe. "Nilitumwa na mkubwa" si kisingizio.

Akiwa na yunifomu, jina ama namba yake ionekane. Hapo ndipo kuna noma: kwa maandamano ya 2024 na 2025, wengine walikuja na nguo za raia, nyuso zimefunikwa. Sasa utaripoti nani? Andika saa, mahali, na namba ya gari kama iko.