Programu huria katika afisi za serikali

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuutumia bila kulipia leseni. Kwa afisi ya serikali, faida yake huonekana hasa siku ambayo mkataba na muuzaji umekwisha na kazi lazima iendelee.

Mfano tunao hapa hapa. Takwimu za zahanati zetu, kuanzia Lamu hadi Kwale (watoto waliochanjwa, waja wazito waliohudhuria kliniki, wagonjwa wa malaria) huingizwa kila mwezi katika mfumo wa DHIS2. Mizizi yake iko Afrika Kusini, miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka. Leo unasimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kenya ilianza kuutumia nchi nzima mwaka 2011, na majirani zetu Tanzania, Zanzibar ikiwemo, wanautumia pia. Kaunti zilipozaliwa 2013, iliwezekana kupanga vituo upya ndani ya mfumo bila kuomba ruhusa ya kampuni yoyote, wala kungoja ankara yake.

Hata hivyo, bure hii ina gharama. Seva hulipiwa, intaneti hulipiwa, na wahudumu wapya sharti wafunzwe. Kaunti isiyoajiri vijana wanaoweza kuurekebisha msimbo itakuwa imemwacha muuzaji ikamkumbatia mfadhili. Basi zabuni ya mfumo wa ushuru au wa hospitali ikitangazwa, mwananchi aulize: data itakaa mikononi mwa nani, na msimbo tutakabidhiwa?