Fomu za simu katika biashara ndogo: namna zinavyoweza kufanya kazi Ubundu

Mwenye duka wa Ubundu ananunua vitu vyake mbali. Kisangani iko kama kilomita 125 kwa njia ya reli, ile iliyofunguliwa mwaka 1906 ili mizigo ikwepe maporomoko ya Boyoma, wakati mji ulikuwa unaitwa Ponthierville. Treni haina siku ya kuaminika, na barabara ya pikipiki kila mtu anaijua. Upande wa juu kuna boti za Lualaba zinazokwenda Kindu. Kila saki inayofika imeshakula pesa ya safari. Akileta sabuni nyingi wakati watu wanatafuta chumvi, makuta yake yanalala dukani mpaka safari nyingine. Faida ya fomu ya simu iko hapo: kuuliza wateja kabla ya kununua, si kushangaa nyuma.

Fomu hizi ni karatasi ya maswali iliyowekwa ndani ya telefone. Inayojulikana zaidi ni Google Forms. Haina malipo, mtu anahitaji tu akaunti ya Google. Anaandika maswali, anatuma linki kwa WhatsApp, na majibu yanajipanga yenyewe kwenye tablo, kila jibu na tarehe na saa yake. Kwa wateja walioko Kisangani mjini inatosha kabisa.

Kwa Ubundu ni shida, juu anayejaza lazima awe na rezo na mega wakati ule ule. Tena wateja wengi wana simu ndogo za kupiga tu, na wengine hawasomi. Kutuma linki kwa mama anayeuza mafuta ya mawese sokoni ni kazi bure.

Njia nyingine ni KoboToolbox. Ilianzishwa na watafiti Phuong Pham na Patrick Vinck wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, watu waliofanya ankete nyingi Uganda ya kaskazini na huku kwetu Kongo ya mashariki. Ndiyo maana inajua maisha ya mahali pasipo rezo. Fomu inatengenezwa mara moja kwenye tovuti, halafu inapakuliwa kwenye simu ya Android yenye programu ya KoboCollect. Toka hapo inajazwa bila rezo hata siku nzima: majibu yanabaki ndani ya simu na yanatumwa rezo ikipatikana. Kwa matumizi madogo haina malipo. Vijana wengi waliofanya kazi ya ankete na mashirika ya msaada wanaijua tayari. Kumwomba mmoja wao atengeneze fomu ya kwanza ni rahisi kuliko kujifunza peke yako.

Basi simu inashikwa na mwenye duka au mtoto wake, anauliza kwa mdomo, kwa Kiswahili au Lingala, anajaza. Maswali matano au sita yanatosha. Mtu amesimama na mzigo kichwani, hawezi kungoja maswali ishirini.

Namna ya kuuliza ndiyo inaharibu ankete nyingi. Ukiuliza, "Nikileta mchele mzuri, utanunua?", kila mtu atasema ndiyo, kwa heshima tu. Jibu hilo halina kazi. Afadhali: "Mwezi uliopita ulinunua mchele mara ngapi? Wapi? Kwa bei gani?" Mtu anakumbuka alichofanya, atakachofanya, hata yeye hakijui. Kipimo nacho kiandikwe kama chaguo ndani ya fomu: kopo, saki, bido. Bila hivyo utakuta kwenye tablo "3" na hutajua kama ni makopo matatu au masaki matatu. Na tofauti ya hapo ni mtaji mzima.

Kuko jambo lingine ambalo maelezo ya programu hayasemi. Huku, mtu akionekana na simu anaandika majibu, watu wanafikiri ni shirika limekuja kuandikisha. "Uko unaandika juu ya nini? Musaada itafika siku gani?" Wengine wanaogopa ni kodi. Anayengoja msaada anaongeza shida zake, anayeogopa kodi anapunguza mauzo yake, na tablo inajaa uongo. Sentensi ya kwanza ya fomu iseme wazi: hii ni ya duka fulani, hakuna msaada, hakuna kodi, ni kujua vitu gani vya kuleta.

Jina si la lazima, isipokuwa mtu anaweka oda. Swali la kabila lisiwekwe kabisa, wala la kijiji mtu alikotoka. Tangu mwaka 2023 mapigano ya Wambole na Walengola, yaliyoanza na ugomvi wa ardhi upande wa Lubunga, yamefukuza watu wengi kwenye nyumba zao ndani ya Tshopo. Orodha ya majina na mahali watu wanapolala, ikipotea na simu, inaweza kuleta hatari ambayo hakuna faida ya sabuni itakayoilipa. Duka halihitaji habari hiyo.

Sheria nayo ipo. Kodi ya numeriki (si kodi ya kulipa, ni kitabu cha sheria), ordonansi-sheria n° 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, inalinda habari za mtu binafsi. Namba ya simu ya mteja iombwe kwa ruhusa yake, na isipewe mtu mwingine.

Kwa oda zenyewe, fomu inaweza kubeba kitu, kiasi, avansi iliyolipwa na siku ya kuchukua. Kama avansi imepita kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, namba ya muamala iandikwe pale pale, maana ugomvi wa "nilishakutumia" unaisha hapo.

Kaye ya deni ibaki dukani. Wateja wanaiamini juu wanaona jina lao likifutwa kwa kalamu. Halafu jambo moja la KoboCollect: majibu ambayo hayajatumwa yako ndani ya simu ile peke yake, hayako mahali pengine. Kabla ya kupanda mtumbwi au pikipiki, tafuta rezo uyatume.