mwani

mwani nm (u-). 1. Kiumbe cha baharini mfano wa mmea, kisicho na mizizi wala maua: *Mwani huu ulilimwa Paje.* 2. (Sayansi) Kiumbe chochote cha kundi hilo, hata kile kisichoonekana ila kwa hadubini.

Matumizi. Msemaji wa Hanga, mkoani Ruvuma, mbali na pwani, huenda akadhani neno hili halimhusu. Sivyo. Ziwa Nyasa, linalopakana na mkoa wake, lina mwani tele wa maana ya 2. Kutokana na sampuli zilizokusanywa na Friedrich Fülleborn katika eneo hilo, Mjerumani Otto Müller alitangaza mwaka 1904 dayatomu mpya, *Melosira nyassensis*. (Nyasa kwa Kiyao ni “ziwa”, hivyo tusemapo Ziwa Nyasa twasema ziwa mara mbili.)

Dayatomu hutambuliwa kwa gamba lake la silika: umbo lake, vitundu vyake na jinsi seli zinavyoshikana. Kwa kuzipima upya sifa za namna hiyo, Simonsen aliihamishia jenasi *Aulacoseira* mwaka 1979. Leo huandikwa *Aulacoseira nyassensis* (O.Müller) Simonsen. Mabano hayo si pambo: ndani yake yumo aliyeipa spishi jina kwanza, na nje yupo aliyeihamisha. Mfasiri anayeyaondoa humfanya msomaji ahesabu mwani wa aina mbili ziwani, ilhali ni mmoja.

Taz. *hadubini*, *jenasi*, *spishi*.