Joto la Chungu: Upikaji wa Pombe katika Nchi ya Baridi ya Ubena

Msafiri anayetoka Makambako kwenda Songea hupanda na kushuka vilima vya Ubena, huupita mji wa Njombe, na mbele yake huikuta Kifanya. Nchi hii yote iko juu. Njombe yenyewe iko yapata mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Miezi ya Juni na Julai ukungu hulala mabondeni hata jua likapanda, na alfajiri nyingine majani huwa meupe kwa sakitu. Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo moja ambalo baridi hii imewadai wenyeji wake kwa vizazi vingi, yaani namna ya kulilinda joto la chungu cha pombe.

Huenda msomaji akashangaa kwamba tunaliita jambo hili utamaduni. Mwaka 1962, ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, wengi wetu tuliposikia neno utamaduni tulifikiri ngoma, vinyago na lugha. Jiko halikutujia akilini. Nia yetu hapa si kuusifu ulevi, ambao umevunja nyumba nyingi huko Ubena kama kwingineko. Lakini ujuzi ni ujuzi, na huu ulikuwa mikononi mwa akina mama ambao hawakuandika kitabu. Kwa hiyo waandishi wa zamani waliupita kwa maneno mawili tu, "pombe ya kienyeji", kana kwamba ilijipika yenyewe.

Tuanze na tarehe, kwa maana tarehe ndiyo iliyolifanya joto kuwa jambo kubwa. Zamani mwenye shamba kubwa la kulima au nyumba ya kuezeka hakuajiri watu. Aliwaalika majirani kwa kazi ya ujima, na pombe ilikuwa sehemu ya mwaliko. Siku ilitangazwa mapema. Basi fikiria aibu ya mji ambao majirani wamefika na majembe yao, jua limepinda, kazi imekwisha, na chungu bado ni uji mtamu usio na nguvu. Au kinyume chake, kimekwisha kupita kiasi na kuwa kikali kama siki. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa arusi na kwa tambiko. Pombe ilipaswa kuiva siku ile, haikutakiwa kuwahi wala kuchelewa. Baadaye ilipoingia kazi ya mshahara, tangu miti ya miwati ilipoanza kupandwa kwa wingi karibu na Njombe mwishoni mwa miaka ya 1940, pombe ikawa biashara, na siku ya mshahara nayo ikawa tarehe ya kutunzwa. Ada za shule za watoto wengi zimetoka katika chungu hicho.

Sasa tutazame chungu chenyewe. Pombe ya nafaka, ambayo ikiwa ya mahindi sehemu za Iringa na Njombe huitwa komoni, huhitaji vitu viwili: uji na kimea. Kimea ni nafaka, hasa ulezi, iliyolowekwa ikachipua, kisha ikaanikwa na kusagwa. Ndani ya mbegu iliyochipua mna vimeng'enya, navyo kazi yake ni kuugeuza wanga wa uji kuwa sukari. Vimeng'enya hivi hufanya kazi vizuri zaidi uji ukiwa na joto la nyuzi 60 hadi 70 hivi za sentigredi, lakini katika maji yanayochemka hufa. Ikisha kupatikana sukari, hamira huila na kutoa kileo pamoja na hewa ile inayoleta povu. Hamira nayo haivumilii joto la uji: hupenda nyuzi 25 hadi 30 hivi, huzidi kulegea kadiri baridi inavyoshuka kuelekea nyuzi 10, na ikitiwa katika uji wa moto hufa yote.

Hakuna mama wa Kibena wa zamani aliyekuwa na kipimajoto. Alikuwa na kidole, kiganja na sikio. Uji ulioachwa upoe hadi mkono ukauvumilia ndio uliofaa kupokea kile kinachochachusha. Hamira haikununuliwa dukani. Ilikaa katika kimea, katika machicha ya pombe iliyopita, na katika vinyweleo vya chungu ambacho hakikusuguliwa kwa mchanga. Chungu kikawekwa ndani, upande wa jiko, ambako moto wa kuni haukuzimika usiku, kikafunikwa. Kibaridi kikizidi, kikasogezwa karibu na mafiga au kikaongezewa kifuniko; joto likizidi, kikarudishwa pembeni.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wa sayansi yawapasa kulijua. Pombe inayochacha hujitengenezea joto lake yenyewe. Kazi ya hamira hutoa joto, na kinywaji kilichomo chunguni huwa na moto kuliko hewa ya chumba, pengine kwa nyuzi kadhaa. Chungu kikubwa huhifadhi joto hilo. Kidogo hulipoteza upesi. Kwa sababu hiyo anayetaka kujua hali ya pombe hasikilizi baridi ya nje, bali hugusa tumbo la chungu. Leo, katika nchi za Ulaya na Marekani, watu wanaojipikia bia nyumbani huiweka ndani ya jokofu kuukuu lililofungiwa kidhibiti joto, na wale walio makini hawakiachi kipimo kikining'inia hewani ndani ya jokofu. Hukibandika ubavuni mwa chombo chenyewe na kukifunika vizuri. Ni mguso ule ule wa kiganja.

Tena tusidhani kwamba Wazungu walizaliwa na majokofu. Huko Bavaria, mwaka 1553, mtawala wa nchi alikataza bia isipikwe tangu tarehe 23 Aprili hadi 29 Septemba, kwa kuwa bia ya kiangazi iliharibika. Bia yao ilichacha polepole katika baridi, ndani ya mapango na maghala yenye barafu, na sheria ya kalenda ndiyo iliyokuwa jokofu lao. Kalenda hiyo ilivunjwa hasa katika miaka ya 1870, mhandisi Carl von Linde alipotengeneza mashine za kupozea, ambazo viwanda vya bia vya Munich vilikuwa miongoni mwa watumiaji wake wa kwanza. Bila mashine za namna hiyo, kiwanda cha bia kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1933 kisingeweza kupika bia ya aina ile ya baridi katika joto la pwani. Tazama basi jinsi mambo yalivyopishana: mtu wa Dar es Salaam alihitaji mashine ya kuondoa joto, wakati mama wa Kifanya alihitaji moto wa kuliongeza. Mavuno ya Ubena huangukia mwisho wa mvua, na ghala hujaa ndipo baridi kali inapoingia. Nafaka ilipatikana kwa wingi katika miezi ile ile ambayo chungu kilikuwa kigumu kuchacha.

Kuhusu ulanzi habari ni nyingine kabisa. Ulanzi hautokani na nafaka bali na mianzi, nao ni kinywaji cha mvua. Chipukizi la mwanzi hukatwa ncha, na maji yake hudondokea katika mbeta, chombo cha mwanzi kinachofungwa hapo hapo. Mgemaji hupita asubuhi na jioni kuyakinga na kukata upya. Hakuna kupika wala kupoza, na hakuna pa kuweka kiganja. Sukari imo tayari, hamira imo hewani na katika mbeta iliyotumika jana, na kazi huanza kabla mwenyewe hajafika shambani. Kuuzuia ulanzi usichache ni sawa na kuuzuia mto. Mgemaji wa kale hakujaribu. Alichokitawala ni saa. Ulanzi wa usiku wa baridi hukutwa asubuhi ungali mtamu, huitwa mtogwa, na hata asiyekunywa pombe huuonja. Ukikaa, utamu hupungua na ukali huzidi, mpaka unakuwa mkangafu, ambao una wapenzi wake na una maadui wake.

Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ilipopita Makambako, na lami ilipofika Songea katika miaka ya 1980, mazao ya Njombe yalipata njia ya kwenda mbali. Viazi hungoja lori siku mbili. Mtogwa haungoji. Anayeupakia katika madumu hufunga vifuniko kwa kulegeza, kwa maana hewa inayotoka ndani huweza kulipasua dumu lililofungwa barabara, na kila mteremko kuelekea nchi ya joto huharakisha kazi ya hamira. Kwa hiyo dumu moja lililojazwa asubuhi katika ukungu wa Njombe ni kinywaji kimoja hapo linapopakiwa, ni kingine linapoteremshwa Makambako, na mnunuzi mjuzi, kabla ya kuuliza bei, huuliza kwanza lilikingwa saa ngapi.