Kazi ya Maabara Isiyolipwa: Nani Anabeba Gharama ya Kumwandaa Mwanasayansi?

Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu 20 mikoani Dodoma na Manyara, miongoni mwa wagonjwa 68 waliobainika. Machi 2021 Kenya ikazuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyohiyo. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka jumla ya sumukuvu isizidi mikrogramu 10 katika kilo moja ya mahindi, na hakiwezi kusimamiwa bila mtu wa kuchukua sampuli ghalani, kuisaga, kuipima na kutia saini kwenye majibu. Nchi yenye mahitaji ya namna hii haiwezi kusemwa kuwa haina kazi za wanasayansi. Hata hivyo, mhitimu wa kemia, mikrobiolojia au sayansi ya chakula anayetoka vyuo vikuu vya Mlimani au Sokoine hukutana na matangazo yanayodai uzoefu wa miaka miwili au mitatu, na njia anayoonyeshwa ya kuupata uzoefu huo ni kwenda kujitolea. Makala hii inadai kwamba kujitolea huko, kunapovuka muda wa kujifunza, ni ajira isiyolipwa. Kunadumu kwa sababu tumekubali kutomhesabu mhitimu huyu kuwa mfanyakazi, na msimamo huo unaweza kubadilishwa kwa sheria na fedha ambazo tayari tunazo.

Tuitazame kazi yenyewe. Mhitimu anayejitolea, yaani mtarajali, aliyepangiwa kupima sumukuvu husaga mahindi hadi yawe unga laini, huupima kwenye mizani, huuchanganya na methanoli na maji, hutikisa, huchuja, kisha hudondosha kimiminika kwenye vishimo vya sahani ya ELISA na kusubiri rangi. Rangi inapofifia ndipo sumu ilipo nyingi. Akikosea mikrolita chache, shehena salama inaweza kukataliwa au, vibaya zaidi, shehena yenye sumu ikapita na kuliwa. Wiki za mwanzo ni mafunzo kwelikweli: msimamizi husimama pembeni, vitendanishi vya bei ghali hupotea kwa makosa, na maabara hutoa kuliko inavyopata. Lakini mafunzo hayo yana kikomo. Miezi kadhaa baadaye mtarajali yuleyule anapokea sampuli, anajaza daftari na kuandaa majibu ambayo mteja ameyalipia, huku nauli na chakula chake vikitoka kwa wazazi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo na bila kujali mkataba unasemaje, ikiwa kazi yake au saa zake zinasimamiwa na mwingine, ikiwa amekuwa sehemu ya taasisi, au ikiwa amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Sifa moja tu inatosha. Mtarajali anayeingia maabara saa mbili asubuhi na kutoka jioni anatimiza kadhaa kwa pamoja.

Wapo wahitimu wa sayansi ambao hawaachwi hivi. Daktari mtarajali hufanya mwaka mmoja hospitalini kwa posho ya Serikali. Mgogoro wa madaktari wa Januari 2012 ulipoanza katika Hospitali ya Muhimbili, hoja ya watarajali ilikuwa kucheleweshwa kwa posho wanayostahili. Mhandisi mhitimu ana mpango wa mafunzo ya miaka mitatu ulioanzishwa mwaka 2003 na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, wenye msimamizi anayejulikana na posho. Kenya wamekwenda mbali zaidi, ingawa kwa mapambano. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56, ulihusu kwa sehemu kubwa nia ya Serikali kuwalipa wanagenzi shilingi 70,000 za Kenya kwa mwezi badala ya takribani 206,000 zilizotokana na makubaliano ya mwaka 2017. Aprili mwaka huohuo, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba Tume ya Utumishi wa Walimu ilikiuka haki za walimu wa sekondari ya chini kwa kuwachukua watu waliokwisha kufuzu na kusajiliwa, kisha kuwaita wanagenzi kwa shilingi 20,000. Tofauti kati ya makundi haya na mkemia wetu haiko kwenye ugumu wa kazi wala umuhimu wake kwa afya ya watu. Daktari na mhandisi wana bodi au chama cha kuwasemea, na taaluma zao zimeyaingiza mafunzo ya kazini kwenye masharti ya usajili. Mwenye shahada ya mikrobiolojia anabisha hodi peke yake, na barua ya maombi mkononi.

Waajiri wana jibu, na lisipuuzwe. Wanasema wahitimu hawajaiva, na mwaka 2014 utafiti wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki uliripotiwa kuonyesha kuwa waajiri waliwaona asilimia 61 ya wahitimu wa Tanzania hawajaandaliwa ipasavyo kwa kazi. Mwanafunzi aliyejifunza kwa kumtazama mwenzake akishika pipeti, kwa kuwa darasa zima lilikuwa na vifaa vichache, hakika anahitaji muda. Ila hitaji la mafunzo halithibitishi kwamba yanapaswa kufanyika bila malipo, wala hatuna sababu ya kuamini kwamba yasiyolipwa yanafundisha sawasawa. Chama cha vyuo na waajiri cha Marekani, NACE, kiliwauliza wahitimu wa mwaka 2013: kati ya waliofanya utarajali wa kulipwa, takribani asilimia 63 walikuwa wamepata ofa ya kazi, wa bila malipo, 37, wasiofanya utarajali wowote, 35. Takwimu hizi hazithibitishi kwamba malipo ndiyo chanzo, kwa kuwa kampuni zinazolipa huenda ndizo zenye nafasi, na soko la Marekani si letu. Lakini zinawadai wanaotetea kujitolea waonyeshe faida yake, kwa sababu tofauti ya pointi mbili ni ndogo mno kuombea mwaka mzima wa maisha ya mtu. Aliyetoka Kigoma asiye na ndugu wa kumhifadhi Dar es Salaam hawezi hata kuujaribu mwaka huo, hata angekuwa wa kwanza darasani. Hapo ndipo maabara zinapoanza kuchuja wanasayansi kwa uwezo wa familia zao.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha: mkilazimisha malipo, nafasi zitapungua. Kwa maabara ndogo hilo linaweza kuwa kweli, na ndiyo maana mzigo usiachwe kwao peke yao. Waajiri wa Tanzania Bara wenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyopunguzwa mwaka 2023 kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya malipo ya wafanyakazi. Sehemu ya tozo hiyo itengwe kwa posho za watarajali wa sayansi, kwa muda usiozidi miezi sita, chini ya msimamizi aliyesajiliwa. Serikali yenyewe ina maslahi hapa: tangu mwaka 2016 mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, na asiye na mshahara hana cha kukatwa. Baada ya miezi hiyo, maabara iajiri au imwache mhitimu aende. Inayoendelea kumtumia na kumtoza mteja kwa majibu aliyoyatoa ina deni la mshahara, na maofisa kazi waanze kulidai.