Kuunda Ndege Nyumbani katika Uwanda wa Kati

Ndege ya kwanza ya injini iliyoruka na mtu ndani yake haikutoka kiwandani. Ndugu wawili Wright, walioruka mwaka 1903, walikuwa mafundi wa baiskeli wa mji wa Dayton, Marekani, na kazi yao ilifanyika katika karakana yao wenyewe. Basi, adhaniye kuwa kuunda ndege nyumbani ni wazimu wa siku hizi amesahau kwamba huo ndio uliokuwa mwanzo wa jambo lote.

Mwaka 1909 Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyekaa Paris, aliruka kwa Demoiselle, ndege ndogo ya mianzi na hariri, akaacha michoro yake itangazwe ili kila apendaye aiige. Baada yake alikuja Mfaransa Henri Mignet. Ndege yake, Pou-du-Ciel, iliruka mwaka 1933, na kitabu alichokitoa mwaka 1934 kiliwafundisha watu wa kawaida namna ya kuiunda kwa mbao na kitambaa. Wengi waliiunda, na baadhi yao walikufa. Ilipopimwa katika mitambo ya upepo ilionekana kwamba mabawa yake mawili, kwa kuwa yalikaribiana, yalidhuriana kila pua ilipoinama mno, hata rubani asiweze kuiinua tena. Mwaka 1936 ilikatazwa kuruka Ufaransa na Uingereza. Waliokufa hawakupungukiwa na ushujaa wala bidii. Walipungukiwa na vipimo.

Funzo hilo lilizaa desturi mpya. Mwaka 1953 Paul Poberezny alianzisha huko Wisconsin chama cha waunda ndege, ili anayejua amwonyeshe asiyejua. Sheria ya Marekani ikaruhusu ndege ya nyumbani, mradi sehemu kubwa ya kazi, yaani zaidi ya nusu, ifanywe na mwenyewe kwa ajili ya elimu au burudani yake, kisha ikaguliwe. Richard VanGrunsven, aliyeanzisha kazi yake Oregon mwaka 1973, aliuza michoro pamoja na vipande tayari vya kuunganishwa. Na ndege za namna yake zilizokwisha kuruka zapita 10,000.

Je, desturi hiyo yaweza kuhamia Singida kama ilivyo? Hapo pana jambo ambalo michoro haisemi. Mji wa Singida upo mita 1,500 hivi juu ya bahari. Katika kimo hicho uzito wa hewa ni kama sehemu sita katika saba za ule wa pwani. Na joto lifikapo nyuzi 30 hushuka hata karibu humusi nne. Hewa nyepesi hupunguza nguvu za injini, hupunguza mvuto wa rafadha, na hulazimisha ndege ikimbie mbali zaidi kabla ya kupaa. Madhara haya matatu huja kwa pamoja, wala hakuna moja lingojalo jingine.

Historia ya jirani yatoa onyo. Mwaka 1920 ndege kubwa za Vickers zilijaribu njia ya kutoka Uingereza hata Cape Town. Moja ilivunjika Tabora, penye kimo cha mita 1,200 hivi, tarehe 27 Februari, ilipokuwa ikiondoka. Nyingine ilishindwa kupanda ilipoondoka Bulawayo tarehe 6 Machi, ikaanguka. Hizo zilikuwa kazi za kiwanda mashuhuri, zenye marubani hodari.

Mwaka 2021 zilienea habari za fundi wa Tunduma aliyeunda helikopta kwa mikono yake. Wako waliomsifu na wako waliomcheka. Kicheko hakikuwa cha haki, kwa maana Ulaya ilipitia njia hiyo hiyo. Lakini sifa peke yake nayo haimfai fundi, kwa kuwa haimpi mchoro uliojaribiwa, mkaguzi, wala mwenzi wa kumsahihisha. Sheria idaiyo cheti kabla ya ndege kuruka si adui wake, ikiwa pamoja na katazo huja mafunzo. Atakayeunda ndege Singida na aanze na jedwali la hewa ya Singida. Injini aichague baadaye.