Rangi Chini ya Rangi: Gari Kongwe, Kutu na Kumbukumbu za Unguja

Chuma kisiwani hakilali. Kusi hukitia chumvi, kaskazi hukikausha, na masika hukirowesha tena kabla jeraha la kwanza halijafunga. Kutu ni ndoa ya chuma, maji na hewa. Chumvi ndiyo mshenga anayeiharakisha. Ndiyo maana bati la Unguja huzeeka upesi kuliko bati la bara kavu, na ndiyo maana waliotangulia walisema kwamba la kuvunda halina ubani. Hata hivyo, katika ua wa nyumba moja au chini ya mwembe wa shamba, bado hupatikana gari lililotengenezwa Uingereza zaidi ya nusu karne iliyopita, matairi yamezama mchangani, na kuku wamelifanya kiota. Mtu asiyekuwa fundi wa kusomea akiamua kulifufua gari hilo kwa mikono yake mwenyewe, huanza na spana na msasa. Haupiti muda mrefu kabla hajajikuta mbele ya historia ya kisiwa kizima.

Historia hiyo haikuanza na gari, ilianza na reli. Sayyid Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, alijengewa reli ndogo ya kuelekea kasri lake la Chukwani. Mwaka 1905 ikaja reli kubwa kuliko hiyo, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani: kiasi cha maili 7, kutoka karibu na Ngome Kongwe, kupitia vichochoro vya Malindi, hadi Bububu. Garimoshi lile lilipita karibu mno na kuta za watu, likitoa moshi na cheche. Halikudumu. Barabara zilipotengenezwa na magari kuanza kushindana nalo, abiria walipungua, na katika miaka ya 1920 safari zake zikakoma. Gari, ambalo leo twaliona kuukuu, ndilo lililoizika reli. Wazee waliolizoea garimoshi bila shaka waliliona gari kuwa ndilo jambo geni, na baadaye abiria wa daladala namba 502 wakawa wanafuata njia ya Bububu bila kujua kwamba chini ya kelele za injini yao mlilala mlio wa kengele ya zamani.

Mji Mkongwe wenyewe haukujengwa kwa ajili ya gari. Vichochoro vya Kiponda na Mkunazini vilipimwa kwa bega la hamali na ubavu wa punda. Baadaye vikaikubali baiskeli na Vespa, basi. Gari lilibaki pembezoni: Forodhani, Mnazi Mmoja, Darajani, na katika barabara iliyopita ulipokuwa mkono wa bahari uliotenganisha mji na Ng'ambo, kabla haujafukiwa hatua kwa hatua katika karne ya 20. Kwa sababu hiyo gari dogo la Kiingereza lilikuwa alama ya cheo: la mkuu wa idara, la tabibu, la mfanyabiashara. Watu wa shamba walikuwa na lao, gari la mbao. Shasi na injini ya lori vilitoka ng'ambo ya bahari. Kilichobaki, yaani paa, ubavu na mabenchi, kilichongwa na maseremala wa hapa hapa. Abiria wakakaa wakitazamana, na juu ya paa wakapanda nazi, madema na baiskeli. Nusu ya gari ilikuwa ya Uingereza, nusu ya pili ilikuwa ya Unguja.

Ikaja Disemba 1963, uhuru. Kisha ikaja tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi. Katika muda mfupi wengi waliuawa, wengi wakakimbia, na majumba na mali zikabadilisha mikono. Magari nayo yalibadilisha mikono. Gari lililokuwa la bwana mmoja likawa la idara. Lililokuwa la idara likachakaa na kuuzwa. Lililouzwa likapakwa rangi nyingine na kutafuta riziki kama teksi. Hati za mabadiliko hayo aghalabu hazipo, na midomo ya walioyaona si yote iliyopenda kusema. Bati lakini halina siri. Mwenye kulikwangua gari la zama hizo kwa msasa wa maji, polepole, huona rangi zikijitokeza moja baada ya nyingine mithili ya miduara ya mti: nyeupe ya juu, chini yake buluu, chini yake kijivu cha msingi, na mwisho kabisa, ndani ya mlango ambako brashi haikufika, rangi ya kiwandani iking'aa kama jana. Kila rangi ni mwenyewe mmoja, na kila mwenyewe ni zama.

Baada ya hapo ukaja uhaba. Bidhaa kutoka nje zilibanwa, karafuu ikaendelea kuuzwa nje, lakini madukani vitu vikaadimika. Chakula chenyewe kiligawiwa kwa mgao mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ikiwa mchele ulikuwa taabu kupatikana, nani angeagiza bomba la breki? Hapo ndipo gari la Unguja lilipojitenga na ndugu zake wa Uingereza. Kule lilipochakaa lilitupwa; huku halikuwa na ruhusa ya kufa. Platini zilipigwa msasa mpaka zikabaki kama karatasi. Bushi zilichongwa kutoka katika matairi makuukuu. Gasketi ilikatwa kwa mkasi kutoka katika kadibodi na kupakwa grisi. Gari lililokwisha liligawanywa kama ng'ombe wa karamu, na viungo vyake vikaishi katika magari mengine matatu au manne.

Si jambo la kustaajabisha kwamba pwani iliuweza ufundi huo. Watu hawa walikuwa na mazoea ya karne nyingi ya kukitunza kitu kinacholiwa na bahari. Jahazi hupandishwa pwani, hukwanguliwa, hutiwa kalafati katika nyufa, hupakwa deheni chini na sifa juu, kisha hurudishwa majini. Na mwakani mambo ni yale yale. Hakuna nahodha aliyedhani kwamba chombo hutengenezwa mara moja kikaisha. Lugha yenyewe ilikwisha kulifunga fundo hilo: serikalini gari huitwa chombo cha moto, na neno chombo ndilo lile lile ambalo washairi wa pwani wamelipakia mapenzi, siasa na safari ya roho tangu zama za Muyaka. Mwenye gari aliyepaka mafuta machafu ya injini chini ya sakafu ili kuizuia chumvi alikuwa akifanya alichokifanya babu yake kwa sifa ya papa.

Mwaka 1984 Ali Hassan Mwinyi alishika urais wa Zanzibar, na milango ya biashara ikaanza kufunguliwa. Bidhaa zikarudi, na baada ya muda yakamiminika magari yaliyokwisha kutumika Japani. Yalikuwa na usukani wa kulia, kama unavyotakiwa katika nchi inayoendesha upande wa kushoto. Spea zake zikajaa madukani. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Gari la zamani lililovumilia miaka 20 ya dhiki halikuvumilia miaka 5 ya neema. Liliegeshwa, likasahauliwa, na lililobahatika kuwa mbali na mnunuzi wa chuma chakavu ndilo hilo lililobaki chini ya mwembe.

Sasa turudi kwa yule asiye fundi. Tuseme alichokipata ni Morris Minor, gari lililoanza kuuzwa mwaka 1948 na kusambaa karibu kila palipopepea bendera ya Mwingereza. Jambo la kwanza ni kulisoma umri. Kioo cha mbele kilichogawanyika vipande viwili ni cha kabla ya mwisho wa 1956. Injini ya sentimita za ujazo 948 ilikuja mwaka huo, na ya 1098 mwaka 1962. Jambo la pili ni kujua linasimama juu ya nini. Lori la Bedford lina shasi yake peke yake, na bodi ikioza mtu huchonga nyingine. Morris Minor halina shasi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Vizingiti vilivyo chini ya milango hubeba uzito wa gari, na nondo za springi za mbele zimeshikizwa kwenye boriti la chuma linalopita chini ya sakafu. Boriti hilo likiliwa na kutu, gari linaweza kung'aa juu kama bibi arusi na chini likawa kaburi linalomsubiri mtu.

Hapa ndipo tabia ya mtengenezaji inapopimwa. Njia nyepesi ni kujaza tundu kwa puti, kupiga msasa na kupaka rangi. Kutu haifi kwa kufunikwa. Chini ya puti unyevu hukaa, chumvi hufanya kazi yake kwa utulivu, na baada ya masika mawili bati lililoonekana zima hubonyea kwa kidole. Njia ya kweli ni kulikata bati mpaka lifikiwe bati zima, kisha kuchomelea kipande kipya. Vipande vidogo vilivyoshikwa na kutu ya juu vinaweza kulazwa katika maji ya magadi na kupitishiwa umeme mdogo wa betri, kutu ikaachia yenyewe. Kazi hiyo hufanyiwa uwanjani penye upepo, kwa kuwa hutoa gesi inayowaka. Na kabla ya kuunga betri kwenye gari sharti akumbuke kwamba katika Morris la zama hizo ni waya chanya, si hasi, uliofungwa kwenye bodi. Aliyezoea magari ya Kijapani akisahau hilo anaweza kuunguza asichokijua.

Mji Mkongwe unalifahamu somo la puti kwa uchungu zaidi. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hupumua: unyevu huingia na kutoka. Zilipozibwa kwa saruji, ambayo haipumui, unyevu ulifungiwa ndani, na ukuta ukaoza huku uso wake ukionekana mpya. Mji ulitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Lakini orodha haishiki dari. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Barghash mwaka 1883 na kustahimili mizinga ya Waingereza mwaka 1896, ilianguka wakati ikifanyiwa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Kuokoa cha kale si mchezo wa mapambo.

Bati likishapona, linabaki swali ambalo spana haiwezi kulijibu: gari lirudishwe mwaka gani? Siku hizi karibu kila kipande cha Morris Minor kinatengenezwa upya Uingereza na kuuzwa kwa wapenzi wa magari hayo. Mwenye fedha anaweza kuagiza yote, akaling'oa kila bati lililogongwa Ng'ambo na kila bushi ya mpira wa tairi, na mwisho akapata gari kama lilivyotoka kiwandani. Litakuwa gari zuri. Halitakuwa tena gari la Unguja. Litakuwa limerudishwa katika siku ambayo kisiwa hiki kilikuwa bado hakijaligusa, na miaka yote ya baadaye, ya hofu, ya dhiki na ya werevu, itakuwa imefutwa kwa msasa.

Wapo watakaosema kwamba miaka hiyo ni aibu, na viraka vyake ni alama za ufukara. Jibu lao limo katika mtepe. Chombo kile kilichoshonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari, kilitoweka baharini. Mwaka 2003 ukajengwa mwingine hapa Unguja ili maarifa yasipotee pamoja na mbao. Waliofanya kazi ile walishona upya mshono kwa mshono, kwa sababu walijua kwamba urithi umo katika mshono. Katika gari kongwe la kisiwani mshono huo ni kiraka cha fundi asiyejulikana jina, aliyelifanya gari litembee siku ambayo hapakuwa na kitu dukani.

Kwa hiyo iko kanuni ya wastani, wala si ngumu. Kinachobeba roho za watu, yaani vizingiti, boriti, breki na usukani, kifanywe upya pasipo huruma kwa kumbukumbu yoyote, maana hakuna historia yenye thamani ya mtoto anayevuka barabara. Kisichohatarisha mtu kiachwe kiseme: benchi la mbao lililochongwa kwa tezo, kipini cha shaba kilichoshika nafasi ya plastiki, bati la ndani lenye alama za nyundo. Na mahali pamoja, pengine ndani ya mlango, msasa usipite kabisa. Pabaki dirisha dogo lenye rangi zote, ya bwana wa kwanza, ya idara, ya teksi, ili ajaye azihesabu na kuuliza zilikuwa za nani.

Injini itakapowaka, majirani watatoka na wazee watasogea. Mmoja ataligusa bawa la gari na kusema kwamba alilijua, lilikuwa la fulani, kabla ya yale. Pengine atanyamaza hapo. Pengine, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, ataendelea.